Shosti Akikualika China, Uliza Kwanza Begi ni la Nani

Haya wapendwa, magrupu ya WhatsApp ya Dodoma wiki hii hayajalala, na chanzo ni picha nane tu. Wadada wawili wa Nkuhungu, mmoja ana saluni na mwenzake anauza vipodozi, wamejianika ufukweni Xiamen, China. Vikaptula, kofia pana, miguu ndani ya maji, madafu mkononi. Juu ya picha wameandika: "Mbukwenyi kutoka baharini! Mimi na mtu wangu." Kosa lao lote ni hilo.

Majina yao tunayo na hayatoki hapa, kwa hiyo msije kunisumbua inboksi.

Kilichonifanya nishike simu niandike ni komenti. "Nani kalipa?" "Saluni gani ya Nkuhungu inampeleka mtu China?" "Hilo danga linatoka wizara gani jamani?" "Wamebeba nini hao?" Na ile iliyopata laiki nyingi kuliko picha zenyewe: "Mwenye saluni ndo bosi, huyo mwingine chawa tu, kapelekwa kupiga picha."

Mimi naona hivi. Hao wadada wameonewa, na nitasema kwa nini. Ila katikati ya matusi yote hayo kuna swali moja zuri kabisa, limeulizwa kwa watu wasiostahili na kwa wakati usiofaa. Nani kalipa? Hilo swali si la kuwauliza watu walioko ufukweni. Ni la kujiuliza mwenyewe siku shosti anapokupigia simu na kukwambia, "Mpenzi, jiandae, tunaenda China, wewe leta pasipoti tu."

Kwani Nkuhungu ina ubaya gani?

Tuanze na dharau. Angekuwa staa wa Dar mwenye gari la kuazima, mngeandika "malkia" na moyo mwekundu. Lakini kwa kuwa ni watu tunaopishana nao kwenye vumbi, na mvua ikinyesha wanaruka madimbwi kama sisi, basi lazima kuna mwanaume au kuna mzigo. Mtu wa Dodoma, tena wa Nkuhungu, bahari kaijulia wapi?

Jamani, amkeni. Tangu Julai 2024 treni ya SGR inabeba abiria kati ya Dodoma na Dar, na nauli ya treni ya kawaida ilipoanza ilikuwa shilingi 31,000. Unapanda asubuhi, kama saa nne baadaye uko Dar, jioni unakula mihogo ya kukaanga Coco Beach huku mawimbi yanakupigia kelele. Bahari siku hizi iko karibu kuliko harusi za wenyewe mnazochangia kila mwezi.

Na China nayo si mgeni kwetu. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa kwa mfalme wa China. Meli za yule jemadari Zheng He, zilizofika mpaka pwani yetu ya Afrika Mashariki, zilikuwa zinasubiri upepo wa safari kwenye pwani ya Fujian, jimbo hilohilo lenye Xiamen. Karne tano na nusu baadaye Wachina wakaja kujenga reli ya TAZARA, kilomita 1,860. Hapa hapa Dodoma, pale UDOM, kuna Taasisi ya Confucius, vijana wetu wanasoma Kichina. Na nendeni Kariakoo mkawaulize wamama wanaokwenda Guangzhou, wapo ambao wanabishana bei kwa Kichina bila mkalimani.

Kwa hiyo mwanamke wa Kitanzania kwenda China si habari. Habari ni kwamba hawa wawili wameenda na wanarudi bila marobota. Hawakwenda kuchukua nywele wala viatu. Wamekwenda kupumzika. Hapo ndipo palipowauma watu: mwanamke wa kawaida ametumia hela yake kununua kitu ambacho hawezi kukiuza akirudi.

Na hela wameitoa wapi? Wenyewe walishasema kwenye video yao, ila watu wa komenti huwa hawasikilizi video, wanaangalia nguo. Walicheza mchezo. Watu 20, kila mmoja laki mbili kwa mwezi, zamu ikikufikia unabeba milioni nne. Wakaomba zamu zao zifuatane. Wakajazia na akiba ya muda mrefu, kila mmoja ya kwake. Hiyo ndiyo siri ya danga la wizarani.

Xiamen yenyewe ikoje

Kwa wale ambao China yao inaishia Guangzhou, Xiamen ni mji wa bandari kusini mashariki mwa nchi, na sehemu yake kubwa ya zamani ni kisiwa. Msidhani ni kijiji cha wavuvi. Una watu zaidi ya milioni 5, wakati Jiji letu la Dodoma kwenye sensa ya 2022 lilikuwa na watu karibu 765,000. Kuna fukwe, kuna barabara inayozunguka kisiwa, watu wanaendesha baiskeli upande mmoja na maji upande wa pili.

Ng'ambo kidogo, kwa kivuko, kuna kisiwa kidogo kinaitwa Gulangyu. Magari hakuna. Unatembea kwa miguu katikati ya majumba ya zamani na miti mikubwa, na wenyewe wanakiita kisiwa cha piano kwa jinsi watu wake walivyopenda kile kinanda. UNESCO walikiweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2017. Mzanzibari akishuka pale ataanza kulinganisha na Mji Mkongwe kabla hajafunga mkoba.

Kutoka kwetu, wengi hupita Guangzhou. Air Tanzania ina safari za Dar kwenda Guangzhou, halafu unapanda treni ya mwendo kasi saa chache unafika Xiamen. Wakati wa kwenda nao una mambo yake. Kuanzia Julai hadi Septemba kuna vimbunga, na kile cha Septemba 2016 kilichoitwa Meranti kiliupiga mji huo vibaya. Wiki ya kwanza ya Oktoba ni sikukuu ya taifa lao, China nzima iko barabarani, utapiga picha za migongo ya watu. Na Mtanzania mwenye pasipoti ya kawaida anahitaji viza, kwa hiyo anayekwambia "tutamalizana hukohuko uwanja wa ndege" mkimbie.

Nayasema haya ili muelewe kitu kimoja. Safari kama hii haitokei kwa bahati. Ina viza, ina tiketi mbili tatu, ina hoteli, ina kula. Kila kimoja kina mtu aliyekilipia, na aliyelipia ndiye mwenye kauli. Sasa turudi kwenye swali letu.

Aliyelipa ndiye anayeshika rimoti

Kuna staa mmoja wa mjini, wa Dar, mnamjua, kila mwezi yuko kwenye kiki. Aliwahi kumchukua rafiki yake wa utotoni kwenda naye kula bata nje, kila kitu juu yake. Picha zilikuwa tamu, maneno yalikuwa "dada yangu wa damu". Hawakumaliza hata miezi mitatu tangu warudi, wakagombana kwa jambo dogo, na yule staa akaingia laivu mbele ya maelfu ya watu: "Mimi ndo nilikupandisha ndege! Ulikuwa huijui hata hoteli!" Rafiki alikaa kimya. Angejibu nini? Kila picha aliyopiga ilikuwa risiti mkononi mwa mwenzake.

Hiyo ndiyo bei ya cha bure. Huilipi kaunta, unailipa siku mnapokosana.

Na China ina jambo lake la ziada ambalo watu hawalijui mpaka wafike. Kule maisha yako yote yako kwenye simu. Maji ya kunywa, teksi, tambi za njiani, kila kitu ni kuskani na kulipa kwa WeChat au Alipay. Tangu 2023 mgeni anaweza kuunganisha kadi yake ya Visa au Mastercard na mambo yakaenda. Lakini kama hukuunganisha kabla, na shosti ndiye mwenye kadi, basi umekuwa mtoto wa chekechea. Unataka juisi, unaomba. Unataka kurudi hotelini kwa sababu kichwa kinauma, unaomba. Yeye anataka kuzunguka madukani mpaka saa nne usiku, unamfuata na mifuko. Hajakufunga kamba, lakini huwezi kwenda popote.

Mawasiliano nayo ni hivyohivyo. WhatsApp, Instagram, Facebook na Google kule zimefungwa. TikTok tunayoitumia sisi hawana, wana ya kwao inaitwa Douyin. Ukiingia kwenye waifai ya hoteli kama unavyoingia ya hapa Dodoma, simu yako inakuwa kioo cha kujipaka poda. Watu huwa wanatumia laini ya nyumbani iliyofunguliwa kwa matumizi ya nje, na hiyo inabidi uipange kabla hujaondoka. Usipojipanga, mama yako Nkuhungu atakaa siku tatu anaangalia tiki moja, na anayejua uko wapi ni shosti peke yake. Fimbo ya mbali haiui nyoka, wahenga walishasema. Likikukuta la kukukuta Xiamen, fimbo zako zote ziko Dodoma.

Hapo ndipo mimi nakataa neno "chawa" kwa yule dada muuza vipodozi. Chawa ni anayekaa kwenye kichwa cha mtu na kunyonya. Huyu alikuwa na tiketi yake, kadi yake, laini yake. Kama alishika simu kumpiga mwenzake picha, na mwenzake naye akashika simu akampiga yeye, hayo ndiyo mapenzi ya marafiki. Ninyi mmezoea kuona picha, mkasahau kwamba kila picha ina mtu wa pili nyuma ya kamera. Mheshimuni.

Lakini kama na wewe ni mtu wa nyuma ya kamera siku zote, kila safari, kila sherehe, na katika picha mia mbili wewe umo katika mbili, moja umefumba macho, basi kaa chini ujiulize. Uliitwa kupumzika au uliitwa kazini bila mshahara?

Sasa tuongee kuhusu begi

Hapa naomba utani tuuweke pembeni kidogo.

Kati ya komenti zote, ile ya "wamebeba nini hao?" ndiyo iliyoniudhi kuliko zote, kwa sababu mnawapaka watu matope bila ushahidi wowote. Wale wadada wametoka na mabegi yao wawili na hakuna mwenye la kuwasema. Ila hofu iliyomo ndani ya komenti ile haikutoka hewani. Imetokana na Watanzania wenzetu, wengi vijana, waliokwenda huko kwa tiketi ya mtu mwingine wakabaki jela.

Kuanzia mwaka 2013, padre mmoja Mkatoliki aliyekuwa anahudumia wafungwa Hong Kong, John Wotherspoon, alianza kusambaza mtandaoni barua za wafungwa. Wakiwemo Watanzania. Waliandika kwa mikono yao kuwaonya wadogo zao huku nyumbani: msidanganywe, msibebe, tunaozea huku. Ukitaka kujua sauti ya mtu aliyechelewa kuuliza swali, ni ile.

Na upande wa China bara, sheria haina masihara. Kifungu cha 347 cha sheria yao ya jinai kinasema magendo ya heroini kuanzia gramu 50 adhabu yake ni miaka 15 jela, au kifungo cha maisha, au kifo. Gramu 50, wapendwa. Hiyo inaingia kwenye soli ya kiatu. Inaingia kwenye kopo la losheni ambalo shosti kakwambia, "Niwekee kwenye begi lako, langu limejaa." Hata hapa kwetu sheria ya dawa za kulevya ya 2015, iliyoanzisha Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, inafika mpaka kifungo cha maisha.

Tatizo ni kwamba maneno ya mtego na maneno ya kawaida yanafanana kabisa. "Kilo zangu zimezidi, nisaidie hili begi dogo." Nani hajawahi kuambiwa hivyo uwanja wa ndege? Wafanyabiashara wetu wanasaidiana kilo kila siku, na wengi wao ni watu safi. "Kuna kaka atatupokea, ni mtu wangu." "Kuna kifurushi cha mama mmoja, dawa za kienyeji, atakuja mwanawe kukichukua hotelini." Hayo yote yanaweza kuwa kweli. Na yote yanaweza kuwa miaka 15.

Ofisa wa forodha hajui kwamba mlisoma wote. Hajui kwamba alikuwa msimamizi wako kwenye send-off. Anachojua ni kwamba begi lina stika yenye jina lako. Begi ulilokubali ni lako. Hakuna lugha ya Kigogo wala ya Kichina itakayokutoa hapo.

Ndiyo maana nasema swali la "nani kalipa" na swali la "begi la nani" ni swali moja. Aliyekulipia kila kitu ni vigumu sana kumkatalia kitu kidogo. Amekupa viza, amekupa tiketi, amekupa kitanda, halafu anaomba umsaidie kilo tatu tu. Utasema hapana kwa mdomo gani? Mtu mwenye nauli yake anaweza kusema, "Shosti, samahani, begi hili simo," na akalala usingizi. Asiyekuwa na hata ya teksi atasema "sawa". Mtego haukuanzia kwenye begi, ulianzia kwenye tiketi.

"Kwa hiyo tusikubali kulipiwa?"

Najua mtakuja na hili. "Mbona wewe una roho mbaya, watu wana marafiki wenye uwezo wanaowapenda kweli." Ni kweli, wapo. Kuna watu Mungu amewabariki na mikono yao iko wazi, na kukataa zawadi ya mtu mwema nako ni kumvunja moyo. Wapo pia wanaosema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na aliyekutoa kwenye vumbi ukaona bahari kakufaa. Sipingi.

Ninachosema ni kwamba hata ukilipiwa, kuna vitu havilipiwi. Pasipoti yako inakaa kwako, si kwenye mkoba wa mtu "ili isipotee". Tiketi ya kurudi ina jina lako na tarehe unayoijua, na nakala iko kwenye simu yako. Hela ya kukutoa hotelini mpaka uwanja wa ndege, na ya kula siku mbili, ni ya kwako hata kama uliichanga mwaka mzima kwenye kibubu. Begi umelipanga mwenyewe, umelifunga mwenyewe, na kilichomo unakijua mpaka soksi ya mwisho.

Na nyumbani mtu mmoja ana jina la hoteli kwa maandishi, si "tuko sehemu fulani nzuri." Tanzania ina ubalozi Beijing na ubalozi mdogo Guangzhou, hifadhi namba zao kabla hujaondoka. Pia mkialikwa kulala kwa "kaka" badala ya hotelini, fahamuni kwamba kule mgeni anayelala nyumba ya mtu anatakiwa kuandikishwa polisi ndani ya saa 24. Hoteli inakuandikisha yenyewe. Kaka asiyetaka uandikishwe ana sababu zake, na hazikuhusu mema.

Rafiki wa kweli akiyasikia haya hatakasirika. Atacheka, atakwambia una mambo mengi kama bibi yangu, halafu atakutumia nakala ya tiketi. Anayekasirika kwa sababu umeomba kushika pasipoti yako mwenyewe, huyo ameshakujibu.

Na nyie makaka msicheke pembeni. "Mwanangu twende China, mchongo upo, wewe njoo tu" ni wimbo uleule kwa sauti nzito. Walioandika barua zile walikuwemo wanaume pia.

Mpime kwa SGR kwanza

Sasa ushauri wangu wa bure, huu hauna begi. Kabla hujaenda na mtu China, nenda naye Dar. Kila mtu akate tiketi yake Dodoma. Chumba mchangie nusu kwa nusu. Mkifika pandeni boti mkaione Zanzibar siku mbili. Mtazame vizuri. Anaamka saa ngapi? Akisema "nitakurudishia kesho", kesho yake inafika? Ukichoka anakusubiri au anakuacha? Anakupiga picha na wewe, au simu ikiwa yako betri yake inaisha? Akiona kitu kizuri dukani na wewe huna hela, anafanyaje?

Mazungumzo ya hela yafanyeni hapo, mkiwa bado mnapatana. Bajeti ya kula ni ngapi. Nani anataka bahari na nani moyoni anawaza kununua nywele za jumla. Nani anapenda kulala mapema. Watu wanaona aibu kuongea hela na rafiki, wanasema "sisi ni zaidi ya hapo", halafu wanagombana kwa bili ya samaki na kufutana mtandaoni. Urafiki uliovunjika Zanzibar, unarudi na treni unalia mpaka Morogoro, Dodoma unashuka umepoa. Uliovunjika Xiamen, una siku tano za kulala chumba kimoja na mtu msiyesalimiana, na bahari huioni tena, unaona saa tu.

Wale wadada wetu walifanya hivyo. Ukishuka chini kwenye kurasa zao utaona picha za Bagamoyo, za Kigamboni, za Nungwi, miaka na miaka, wote wawili wapo, na nguo zikianza kuwa za bei nafuu ukirudi nyuma. China haikutokea jana. Wamejenga urafiki kwa nauli ndogondogo mpaka ukaweza kubeba nauli kubwa. Ninyi mmeona picha nane za mwisho mkadhani ndiyo hadithi yote.

Kwa hiyo kwa wenye komenti: waombeni radhi, au angalau futeni. Kwa mwenye saluni na mwenye vipodozi: kuleni upepo, mkirudi mtatusimulia, na zawadi ya chai ya huko hatukatai. Na kwako wewe ambaye usiku huu una meseji kwenye simu inasema "leta pasipoti tu, mengine niachie", kabla hujajibu kwa moyo mwekundu, jibu kwa maswali mawili. Nauli ya kurudi iko kwa nani? Na begi ni la nani? Asiyekuwa na nauli yake ya kurudi hajawa msafiri, ni mzigo wa mtu, na mzigo hauulizwi unapelekwa wapi.

Haya, uwanja ni wenu. Shosti akikwambia leo anakulipia kila kitu mpaka Xiamen, unaenda au huendi? Dondosheni maoni hapo chini, ila majina ya watu yaacheni.